Mgonjwa anayepaliwa ahitaji mtaalamu aliyefunzwa kazi hiyo

WENGI wetu humeza mamia ya mara kwa siku bila kulifikiria jambo hilo hata kidogo. Tunameza chai ya asubuhi, tonge la ugali na hata mate tukiwa usingizini. Ni pale tu mtu anapopaliwa na maji ndipo anapokumbuka kwamba njia ya chakula na njia ya hewa ni majirani, na kwamba tone likikosea mlango taabu yake si ndogo.

Kwa mtu mwenye afya njema, kupaliwa ni jambo la dakika moja. Hukohoa, machozi yakamlengalenga, kisha akaendelea kula. Lakini kwa mtu aliyepata kiharusi, mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kupaliwa huweza kuwa mwanzo wa nimonia. Nimonia hiyo ndiyo huwaua baadhi ya wagonjwa ambao tayari walikuwa wamenusurika na maradhi yaliyowafikisha hospitalini.

Jamaa za wagonjwa kama hawa huniuliza: “Daktari, sasa tumpeleke kwa nani?” Wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba shida hii hushughulikiwa na mtaalamu wa tiba ya usemi, yule wanayemjua kuwa huwasaidia watoto wenye kigugumizi. Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi hiyo ilivyokuja kuwa yake, anavyofunzwa, na kwa nini mafunzo hayo yanamhusu hata yule anayeshika kijiko nyumbani.

SAFARI YA TONGE

Chakula hupitia hatua tatu kabla ya kufika tumboni. Hatua ya kwanza ni mdomoni, ambako meno husaga na ulimi ukakusanya chakula kuwa tonge laini. Hatua ya pili ni kooni. Ya tatu ni kwenye umio, yaani ule mrija wa misuli unaoteremsha chakula hadi tumboni.

Hatua ya pili ndiyo fupi zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Katika muda usiofika sekunde moja, pumzi husimama, zoloto hupanda juu na kusogea mbele, nyuzi za sauti hufunga, na kifuniko kidogo kiitwacho kidakatonge huinama juu ya njia ya hewa. Papo hapo mlango wa umio hufunguka na tonge kuteremka. Kisha kila kitu hurudi mahali pake nasi tukavuta pumzi tena.

Mambo yote haya huongozwa na ubongo kupitia mishipa kadhaa ya fahamu. Kiharusi kikigusa sehemu zinazohusika, mpango mzima huvurugika. Ulimi huwa mzito, zoloto huchelewa kupanda, au chakula hubaki kooni na kuingia njia ya hewa baadaye mgonjwa anapovuta pumzi.

Hali hii si nadra. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 37 na 78 ya watu waliopata kiharusi walikuwa na shida ya kumeza, kutegemea njia iliyotumiwa kuwapima. Tofauti hiyo kubwa ina maana yake. Waliopimwa kwa njia rahisi walionekana wachache, na waliopimwa kwa vyombo walionekana wengi. Kwa maneno mengine, kuna wagonjwa ambao shida yao haionekani kwa macho.

Hao ndio wanaopaliwa kimyakimya. Chakula au mate huingia njia ya hewa lakini mgonjwa hakohoi, kwa kuwa hisia za koo zimekufa ganzi. Jamaa humwona akila vizuri na kumshukuru Mungu. Siku chache baadaye homa hupanda na kifua kikaanza kukoroma.

KWA NINI MTAALAMU WA USEMI?

Ukitafakari kidogo, jibu liko wazi. Midomo, ulimi, kaakaa, koo na nyuzi za sauti ni viungo vya kusemea, na ndivyo hivyo hivyo vya kumezea. Aliyesomea jinsi ulimi unavyotamka herufi tayari anaijua nusu ya njia anayopitia tonge.

Hata hivyo, nusu si kitu kizima. Kwa miaka mingi wataalamu wa usemi walishughulika na matamshi, sauti na lugha tu. Mmoja wa waliobadilisha mambo ni Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, aliyefariki mwaka 2014. Alitumia eksirei ya picha zinazotembea kuwatazama wagonjwa wakimeza chakula kilichochanganywa na bariamu, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha. Kwa njia hiyo aliweza kuona tonge linakwama wapi, linapotea saa ngapi, na kama kugeuza kichwa au kubadilisha uzito wa chakula kungesaidia. Kitabu chake juu ya uchunguzi na matibabu ya matatizo ya kumeza kilitoka mwaka 1983, na vizazi vya wanafunzi vimesomea humo. Mwaka 1988 Susan Langmore na wenzake walieleza njia nyingine, ya kupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani ili koo litazamwe kutoka juu mgonjwa akiwa anakula.

Tangu hapo kazi ya kumeza ilikua haraka kuliko masomo yenyewe. Katika nchi nyingi mwanafunzi alihitimu akijua usemi, kisha akajifunzia kumeza kazini au kwa kozi fupi. Hata Uingereza, ambako taaluma hii ni ya miaka mingi, ilikuwa mwaka 2021 ndipo chama cha kitaifa cha wataalamu hao kilipotoa orodha ya stadi za kula, kunywa na kumeza ambazo mwanafunzi anapaswa kuzipata kabla ya kuhitimu. Sababu ni rahisi kuelewa. Mtoto akikosewa katika mazoezi ya kutamka, atachelewa kusema. Mgonjwa wa kiharusi akikosewa katika kumeza, anaweza kufa.

MWANAFUNZI HUFUNZWA NINI

Somo la kwanza ni viungo na mishipa ya fahamu. Ni lazima mwanafunzi aweze kumtazama mgonjwa ambaye ulimi wake umepinda upande mmoja na kusema ni mshipa upi umeathirika, na jambo hilo litamletea shida gani mezani.

Somo la pili ni uchunguzi wa kando ya kitanda. Je, mgonjwa yuko macho kiasi cha kutosha? Anaweza kuketi? Kikohozi chake kina nguvu? Sauti yake baada ya kunywa ni kavu, au ina majimaji kana kwamba anasukutua? Mwanafunzi hujifunza kuweka vidole juu ya zoloto ili ahisi linavyopanda, na kuhesabu pumzi kabla na baada ya kijiko. Jambo kubwa zaidi anapaswa kuujua mpaka wa uchunguzi huo. Vidole na macho haviwezi kumgundua kila anayepaliwa kimyakimya, na mashine ya picha zinazotembea haipatikani kila hospitali. Mtaalamu mwema ni yule anayejua ni wakati gani asiyaamini macho yake.

Somo la tatu ni chakula chenyewe. Tangu mwaka 2013, kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilianza kutunga vipimo vya pamoja, na sasa vyakula na vinywaji hupangwa katika ngazi nane, kuanzia 0 ambayo ni maji matupu hadi 7 ambayo ni chakula cha kawaida. Kipimo cha vinywaji hakihitaji mashine. Huchukuliwa bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, ambalo alama zake kutoka 0 hadi 10 zina urefu wa milimita 61.5. Hujazwa kinywaji hadi alama ya 10, likaachiliwa litiririke kwa sekunde 10, kisha husomwa kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni chepesi kama maji. Kikibaki zaidi ya mililita 8 na bado kinatiririka, ni kizito cha ngazi ya tatu.

Kwetu kipimo hiki kina manufaa makubwa, kwa sababu kinaweza kupima uji wa nyumbani. “Uji mzito” wa nyumba moja ni “uji mwepesi” wa nyumba nyingine, na uji huo huo huwa mzito zaidi ukipoa. Aidha, mate yana kemikali inayoyeyusha wanga. Kijiko kilichotoka mdomoni kikirudishwa kikombeni mara nyingi, uji huanza kuwa mwepesi, na mgonjwa aliyeanza kwa usalama humaliza akipaliwa. Mtaalamu anayefunzwa Nairobi, Kisumu au Mombasa anahitaji kulijua hili kuliko majina ya unga wa dukani wa kuongezea vinywaji uzito. Vivyo hivyo anapaswa kujua kwamba githeri yenye mchuzi ni ngumu kumeza kwa kuwa mchuzi hutangulia na punje hubaki, na kwamba nyuzi za sukuma wiki isiyokatwa vizuri hunata kooni.

Somo la nne ni kupima faida na hasara. Kinywaji kizito hupungukiwa na kasi, kwa hiyo humpa mgonjwa muda wa kufunga njia ya hewa. Lakini si dawa ya kila mtu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu wagonjwa wenye Parkinson au upungufu wa akili wa uzeeni, naye Logemann akiwa miongoni mwa waliouongoza. Kwenye eksirei, vinywaji vizito vilipunguza kupaliwa kuliko kuinamisha kidevu wakati wa kunywa. Lakini wagonjwa 515 walipofuatiliwa kwa miezi mitatu, haikuonekana tofauti ya wazi ya nimonia baina ya makundi hayo, na waliokuwa wakinywa vinywaji vizito walipatwa zaidi na upungufu wa maji mwilini. Mgonjwa asiyependa kinywaji chake hunywa kidogo. Kwa hiyo mtaalamu hapaswi kugawa maagizo kama peremende. Humwangalia mtu mmoja mmoja, akarudi kumwangalia tena.

Somo la tano ni kujua kazi isiyokuwa yake. Mtu anayesema chakula kinakwama kifuani, ambaye kwanza alishindwa na nyama na ugali, kisha akashindwa na uji, huku akikonda, asipewe mazoezi ya ulimi. Huenda ana saratani ya umio, ugonjwa unaowaua Wakenya wengi na ambao umeonekana sana maeneo ya magharibi mwa Bonde la Ufa. Huyo apelekwe haraka kwa daktari akaangaliwe ndani ya umio kwa kamera. Naye anayesikia maumivu makali akimeza, na ana utando mweupe mdomoni, anahitaji dawa ya ukungu na uchunguzi wa kinga yake ya mwili.

DARASANI HAKUTOSHI

Masomo haya yote yanaweza kuandikwa ubaoni. Lakini hakuna anayejifunza kuogelea ubaoni. Mwanafunzi anatakiwa kwanza atazame mwenye ujuzi akifanya, kisha afanye yeye huku msimamizi amesimama kando yake, kisha afanye peke yake msimamizi akiwa karibu. Ni baada ya kuwaona wagonjwa wengi na wa aina tofauti ndipo mkono wake huaminika.

Hapa ndipo penye kikwazo katika eneo letu. Kwa muda mrefu waliotaka taaluma hii walilazimika kwenda ng'ambo. Afrika Kusini ilianza kuifundisha tangu miaka ya 1930, lakini katika Afrika Mashariki ilikuwa mwaka 2008 ndipo Chuo Kikuu cha Makerere, jijini Kampala, kilipoanzisha mafunzo yake. Hapa Kenya wataalamu hawa bado ni wachache na wengi wako mijini. Wakiwa wachache, wasimamizi nao ni wachache, na bila msimamizi mwanafunzi hapati saa za wodini. Ni mduara usio na mlango.

Njia za kuuvunja zipo. Picha za eksirei za wagonjwa waliotibiwa zinaweza kuhifadhiwa, bila majina, ili wanafunzi wengi wajifunze kwa mgonjwa mmoja. Msimamizi aliye mbali anaweza kumtazama mwanafunzi kwa simu ya video. Lakini iliyo muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kumfunza kila mtaalamu kuwa mwalimu. Katika nchi ambayo hawezi kufika kwenye kila kitanda, thamani yake ipimwe pia kwa idadi ya watu aliowafunza wakaweza kulisha kwa usalama.

MUUGUZI NA MLISHAJI

Hili si wazo la kujifariji kwa sababu ya uhaba. Katika utafiti wa hospitali 15 za Marekani uliochapishwa mwaka 2005, hospitali zilizokuwa na utaratibu maalumu wa kupima kumeza kwa wagonjwa wa kiharusi zilikuwa na nimonia kwa asilimia 2.4 ya wagonjwa. Zisizokuwa nao zilikuwa na asilimia 5.4. Nchini Australia, mwaka 2011, yalitolewa matokeo ya utafiti wa vituo 19 vya kiharusi ambapo wauguzi wa baadhi ya vituo walifunzwa kusimamia mambo matatu: homa, sukari ya damu na kumeza. Siku 90 baadaye, asilimia 42 ya wagonjwa wa vituo hivyo walikuwa wamekufa au wanategemea wengine, ikilinganishwa na asilimia 58 katika vituo vingine. Waliofanya kazi hiyo usiku na mchana ni wauguzi. Upimaji wao ni wa kuchuja tu, wa kuamua nani ale na nani asubiri mtaalamu.

Kisha yuko mlishaji. Mwaka 1998 Langmore na wenzake walichunguza ni mambo gani huashiria kwamba mtu atapata nimonia ya kupaliwa. Miongoni mwa yaliyojitokeza kwa nguvu ni mgonjwa kulishwa na mtu mwingine, kutegemea mwingine kusafishwa kinywa, na meno yaliyooza. Maana yake ni kwamba mkono unaoshika kijiko, na mswaki, ni sehemu ya matibabu. Katika hospitali zetu mkono huo mara nyingi ni wa mke, binti au mkwe aliyekuja na uji kwenye themosi saa ya kuwaona wagonjwa, akiwa na haraka kabla hajaambiwa atoke. Hakuna aliyemfunza, naye anampenda mgonjwa wake, kwa hiyo humsihi: “Mzee, jikaze, ongeza kimoja tu.”

UFANYE NINI?

Iwapo nyumbani kwako kuna mgonjwa wa kiharusi, mzee dhaifu au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, zingatia haya:

1. Usimpe mtu aliyepata kiharusi chochote mdomoni, hata maji au vidonge, kabla ya kupimwa kumeza na muuguzi, daktari au mtaalamu.

2. Mlishe akiwa macho kabisa na ameketi wima. Usimlishe akiwa amelala, wala usimrudishe kichwa nyuma na kumwagia uji.

3. Tumia kijiko kidogo. Ngoja uone zoloto limepanda na kushuka kabla ya kijiko kinachofuata. Usimsemeshe akiwa na chakula mdomoni.

4. Angalia ndani ya mashavu baada ya kula, kwani chakula hujificha upande uliopooza. Msafishe kinywa kila siku, hata kama halishwi kwa mdomo.

5. Mwache aketi kwa nusu saa hivi kabla ya kulala.

6. Dalili za kumrudisha hospitali ni kukohoa wakati wa kula, sauti ya majimaji, pumzi za haraka, homa za mara kwa mara, kukonda, na mlo mmoja kuchukua muda mrefu kupita kiasi.

Usiige mazoezi ya mgonjwa wa jirani. Kuinamisha kidevu kuelekea kifuani humsaidia mmoja na kumdhuru mwingine. Iwapo mgonjwa wako amewekewa mrija wa kulishia puani, usidhani kwamba hospitali imemkatia tamaa. Mara nyingi ni wa kumpa lishe wakati koo linapata nguvu, na wengi huanza kupata nafuu ya kumeza katika wiki za kwanza.

Kabla ya kumchukua mgonjwa wako kwenda nyumbani, uliza maswali matatu. Amepimwa kumeza? Na nani? Na ni nani atakayenionyesha jinsi ya kumlisha? Swali la tatu lisijibiwe kwa karatasi pekee. Omba ulishe wewe mwenyewe mbele ya aliyefunzwa, naye akusahihishe papo hapo wodini. Hivyo ndivyo mtaalamu mwenyewe alivyofunzwa, na hakuna njia ya mkato.